Funguo Tatu za Vanila

Pisila hakuwa ametamka neno tangu jana saa tisa alasiri. Maji alikunywa, sahani ya magimbi aliisukuma pembeni, na kila alipoulizwa swali aliinamia mkeka wa heshima wa Kitonga aliojifunga kiunoni kana kwamba majibu yamesukwa humo.

Inspekta Lesieli Havea alikaa mbele yake, akatupia jicho saa ya ukutani. Saa tatu kasorobo. Saa nane mchana binti huyu angesimamishwa mbele ya hakimu na kusomewa shtaka la kuiba vanila ya kijiji kizima, na kwa jinsi alivyofunga mdomo, hakimu asingekuwa na kazi kubwa.

"Pisila, mdogo wangu," alisema Lesieli. "Nimehamishiwa hapa visiwani Vava'u wiki tatu tu zilizopita. Sina ndugu hapa, sina shamba, sina ninayemlinda. Ukiniambia kitu, nitakifanyia kazi tu."

Kimya.

"Una miaka mingapi?"

Kimya.

"Hata hilo ni siri?"

Binti akaukaza mkeka wake. Lesieli alikuwa amehoji wezi wengi huko Nuku'alofa, mji mkuu. Wapo walionyamaza kwa kiburi na wapo walionyamaza kwa woga. Huyu alinyamaza kama mtu anayeziba chungu kwa kiganja huku uji unachemka, na ilionekana wazi kwamba anaungua. Lesieli hakupenda. Kesi ya mwizi anayeungua hivyo haikai sawa.

Mezani kati yao ilikuwepo kompyuta ndogo ya chama cha wakulima wa vanila wa kijiji cha Fangaloto, iliyochukuliwa kama kidhibiti. Kioo chake kilionyesha mstari mmoja tangu jana: Hati zilizopo, 0 kati ya 41.

Mlango ulifunguliwa. Afande Penisimani, mkuu wa kituo, alichungulia kwanza ndipo tumbo likafuata.

"Amesema?"

"Bado."

"Basi ndiye. Ningekuwa mimi nimesingiziwa, ningepiga kelele mpaka kuku wa jirani wakimbie." Akashusha sauti. "Meli inang'oa nanga saa kumi, Lesieli. Vanila ikishapakiwa kwa jina la mwenye hati, kwaheri. Familia arobaini na moja zitakula nini? Mtaalamu yuko kwenye simu, anakusubiri."

Mtaalamu aliitwa Uaine Lolohea, aliyekuwa ng'ambo, Auckland. Ndiye aliyeutengeneza mfumo wa chama, na tangu Jumatano wizi ulipogunduliwa amekuwa akipiga simu kuliko hata wenye vanila. Lesieli alichukua simu kwenye chumba cha pili.

"Nieleze tena, Bwana Uaine. Nieleze kama unavyomweleza mama yako."

"Mama yangu hayapendi mambo haya," alisema Uaine. "Haya. Kila familia ikishakausha vanila yake, inapimwa, inawekwa ghalani, inapewa hati. Siyo ya karatasi. Ya kidijitali. Mwenye hati ndiye mwenye vanila. Akitaka kuuza, anaihamisha hati kwa mnunuzi kupitia blokcheni."

"Ambayo ni daftari."

"Ni daftari ambalo nakala zake zipo kwenye kompyuta maelfu duniani. Kikishaandikwa kitu hakifutiki. Hakuna karani wa kumhonga. Na hili letu nimelifunika, kwa sababu zamani wanunuzi walikuwa wanachungulia nani kauza kwa nani na kwa bei gani, halafu wanawabana wanakijiji. Sasa daftari linasema tu kwamba hati zimehama. Jina la aliyezipokea halionekani."

"Hata kwako uliyelitengeneza?"

"Hata kwangu. Ndiyo maana ya faragha, Inspekta."

"Na funguo?"

"Funguo ziko tatu, kila mtu na wake, kifaa kidogo kama flashi chenye namba ya siri. Mchungaji Sosaia anao mmoja, Pisila ambaye ni katibu anao mmoja, na kaka yake Feleti, mtunza ghala, anao mmoja. Mmoja peke yake hawezi kuhamisha kitu. Lazima wawili."

"Kwa nini ulichagua kaka na dada?"

Uaine alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayejipongeza. "Kwa ajili ya heshima. Wewe ni wa kwetu, unajua. Kaka haingii chumba cha dada yake. Dada hagusi kitu cha kaka yake. Hata filamu hawatazami pamoja. Nikajiuliza, kwa watu hao nani ataiba ufunguo wa nani? Wazungu wa ofisini kwangu walishangaa. Walisema hawajawahi kuona ulinzi kama huo."

"Na bado umeibiwa."

"Daftari halidanganyi. Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili, ufunguo wa Feleti ulitumika. Saa nne na dakika kumi na tisa, wa Pisila. Feleti alikuwa gatini anapokea mzigo, watu ishirini walimwona. Kwa hiyo Pisila alikuwa na zote mbili. Mfungulieni shtaka leo leo, Inspekta. Akipata dhamana atazipeleka mbali."

Lesieli alikata simu, akaandika kwenye kijitabu chake: dakika saba. Chini yake akaandika: ana haraka. Kisha akachukua ufunguo wa gari.

Feleti alikuwa ghalani, gatini, kijana wa miaka ishirini na minane mwenye mabega ya mchezaji wa raga, na alikuwa analia bila kujificha huku anapanga mafurushi. Harufu ya vanila ilijaa humo mpaka ikawa inakera. Alipomwona Lesieli alijifuta uso kwa kiwiko.

"Dada yangu amekula?"

"Hajala. Ufunguo wako uko wapi?"

Aliuvuta kutoka shingoni, umefungwa kwa kamba ya katani. "Huu hapa. Siuvui hata nikioga."

"Jumanne ulitumika ukiwa wewe unapokea mzigo. Nijibu moja moja. Uliibiwa?"

"Hapana."

"Uliupoteza ukaupata?"

"Hapana."

"Ulimpa dada yako?"

Feleti alimkazia macho kama aliyetukanwa. "Inspekta, mimi na dada yangu hatujakaa chumba kimoja tangu nilipoanza kunyoa ndevu. Nitampaje?"

"Ulimpa mtu mwingine yeyote?"

"Sikumpa mtu."

Alijibu bila kupepesa. Lesieli aliwajua waongo, na huyu hakuwa mmoja wao. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi, kwa sababu ikiwa kijana anasema kweli, basi ushahidi wote unamwangukia binti aliyenyamaza.

Aliomba kuona anakolala. Kilikuwa chumba cha nyuma ya ghala chenye godoro, Biblia na picha ya marehemu Maka, baba yao, akiwa amevaa suti. Juu ya kabati palikuwa na mraba safi usio na vumbi, na ukutani waya uliokatizwa.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Televisheni."

"Imekwenda wapi?"

"Ipo kwa shangazi." Alisema kama mtu anavyosema kwamba mvua imenyesha. "Na feni pia."

Lesieli hakuuliza zaidi. Akili yake ilikuwa kwenye dakika saba. Kutoka gatini hadi Fangaloto, alikokaa Pisila, ni nusu saa kwa gari; funguo zote mbili zilikuwa mahali pamoja.

"Nitachukua mafurushi matatu kama vidhibiti," alisema. "Nitajuaje ni ya nani?"

Feleti alimwonyesha. Kila familia huchoma alama yake kwa pini kwenye maganda yakiwa bado mabichi mtini, nukta ndogondogo ambazo zikikauka hazifutiki tena. Alama za wazee, tangu kabla ya kompyuta. Lesieli alipitisha kidole juu ya nukta hizo, akachukua mafurushi bila kuchagua.

Saa tano alikuwa Fangaloto, kwa Mchungaji Sosaia Moala, mwenye ufunguo wa tatu. Mchungaji alimkaribisha kwa maneno mengi mno. Alimpa kiti kizuri, akamwita mkewe alete maji ya nazi, akaulizia afya ya wazazi wake wote wawili na ya Afande pia. Shati lake lilikuwa limelowa makwapani ingawa walikaa kivulini.

"Mchungaji, naomba kuuona ufunguo wako."

"Uko mahali salama."

"Naomba kupaona hapo mahali."

"Ni mahali pa siri, binti yangu. Ndiyo maana ya usalama."

"Kuna mtu anakwenda kortini saa nane, Mchungaji. Nitapekua nyumba hii mpaka chini ya mimbari."

Mchungaji alimtazama mkewe, mkewe akatazama nje. Lesieli alifungua kijitabu chake. Hapa, alijisemea, hapa ndipo penyewe.

"Uko baharini," alisema Mchungaji kwa sauti ya chini.

"Baharini wapi?"

"Huko chini. Mwezi wa tano. Niliinama kuinua nguruwe wa harusi kutoka kwenye mashua, ukanitoka mfukoni. Nguruwe tulimwokoa." Akajifuta paji la uso. "Niliona aibu. Watu wameniamini, mimi nimewatupia ufunguo samaki. Sikumwambia mtu ila Uaine, kwa simu."

"Naye alisemaje?"

"Alisema nisiwe na wasiwasi, wala nisimwambie mtu, zimebaki mbili na mbili zinatosha."

Lesieli alishusha kikombe. Asubuhi Uaine alimwambia funguo ziko tatu na kila mtu na wake. Mtaalamu gani anasahau kwamba theluthi ya kufuli lake iko baharini?

"Huyu Uaine mnafahamiana vipi?"

"Uaine? Nimembatiza mwenyewe. Mtoto wa Manusiu."

"Manusiu ni nani?"

Mchungaji alishangaa, kama ameulizwa kanisa liko wapi. "Manusiu wa nyumba ile ya bluu. Dada mkubwa wa marehemu Maka."

"Maka baba yao Pisila na Feleti?"

"Maka huyohuyo. Kila mtu anajua."

Kila mtu anajua, isipokuwa askari aliyetoka Nuku'alofa wiki tatu zilizopita. Ule mraba usio na vumbi ulimrudia Lesieli machoni. Televisheni, feni. Ipo kwa shangazi.

Alitoka uani, akampigia Feleti. "Nisikilize vizuri. Sikuulizi kama ulimpa mtu ufunguo. Nakuuliza, shangazi yako aliuchukua?"

"Ndiyo," alisema Feleti mara moja. "Jumatatu. Akaurudisha Jumatano."

"Na namba ya siri?"

"Aliniuliza, nikamwambia."

"Feleti! Mbona ulisema hukumpa mtu?"

"Sikumpa, Inspekta." Sauti yake ilikuwa na mshangao wa kweli. "Alichukua. Shangazi hapewi."

Lesieli alisimama juani, simu mkononi, akajiona mjinga. Na yeye alikuwa na shangazi. Huko kwao, dada wa baba yake alishawahi kuingia jikoni akabeba jiko lenye chungu bado motoni, na hakuna aliyefungua mdomo, na kama polisi wangeuliza kama kuna kitu kimeibwa, wote wangeapa kwamba hapana. Hiyo ndiyo fahu. Dada wa baba yuko juu ya watoto wa kaka yake, na chao ni chake. Alikuwa ameuliza maswali yote isipokuwa lile ambalo Mtonga yeyote hafikirii kuliuliza.

Na Pisila je? Pisila alijua. Alijua tangu Jumatano, na angekwenda jela kabla ya kumtaja shangazi yake kwa polisi.

Penisimani alipokea simu kwa mlio wa pili.

"Afande, nani aliamua funguo zikae kwa watu wawili wenye shangazi mmoja?"

"Uaine. Sasa kuna..." Lesieli alimsikia anavuta pumzi. "Mungu wangu."

"Mgeni angefanya kosa hilo. Angesikia habari za kaka na dada, akafurahi, asijue kuna shangazi. Lakini mtu aliyekulia nyumba ya bluu hawezi kusahau kwamba ana mama. Ule wa Mchungaji uko baharini. Zimebaki mbili, Afande, na zote ziko chini ya mkono mmoja."

"Una ushahidi?"

"Sina. Jina la aliyepokea limefunikwa, hata mahakama haiwezi kulifunua. Nina mdomo wa mama mmoja tu, na sijui kama utafunguka."

"Manusiu?" Penisimani alishusha pumzi. "Manusiu hajawahi kujibu swali ambalo hakulipenda tangu nimfahamu. Una saa mbili tu."

Nyumba ya bluu ilikuwa na televisheni mbili, feni tatu na friji lenye jina la Feleti lililoandikwa kwa kalamu mlangoni. Manusiu, mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu, alikaa kwenye kiti chake akisuka mkeka, na hakuinuka. Lesieli alivua viatu, akakaa chini. Ndivyo inavyotakiwa, polisi au si polisi.

"Shangazi, nimekuja kuuliza kuhusu vile vifaa vidogo vya Feleti na Pisila."

"Nilivichukua," alisema Manusiu bila kuacha kusuka. "Nikavirudisha. Kwani kuna neno?"

Lesieli alikuwa amejiandaa kwa vita, sio kwa hili. "Jumanne saa nne ulivifanyia nini?"

"Uaine alinipigia, ile ya kuonana uso. Akasema mama, bonyeza hapa, chomeka hiki, sasa kile. Nikabonyeza. Mtoto ana kazi zake za kompyuta, mimi najuaje? Alisema anarekebisha."

"Kwa nini hakuwaomba wenyewe warekebishe?"

Manusiu alicheka, kicheko cha mapenzi kabisa. "Uaine? Tangu mdogo yuko hivyo. Akitaka baiskeli ya Feleti, haombi. Ananituma mimi. Akitaka viatu vya Feleti, mama, nenda. Nami nakwenda, nachukua. Alipoondoka hapa ana miaka kumi na tisa, nusu ya sanduku lake ilikuwa nguo za Feleti."

Lesieli alijizuia asitazame saa. "Shangazi, alichokutuma Jumanne si baiskeli. Ulihamisha vanila yote ya Fangaloto, ikaenda kwake."

"Vitu vya watoto wa kaka yangu ni vyangu."

"Sawa. Sibishi." Lesieli alifungua mfuko, akatoa furushi la kwanza, akalilaza mkekani. "Hii ni alama ya nani?"

Manusiu aliinama. Alizijua alama bila kuvaa miwani. "Ya mjane wa Semisi."

"Ni mtoto wa kaka yako?"

"Hapana."

Furushi la pili. "Na hii?"

"Ya Mchungaji." Vidole vyake viliacha kusuka.

Furushi la tatu Lesieli aliliweka bila kujua lolote kulihusu. Nukta tano, na moja pembeni. Mikono ya Manusiu ilianguka mapajani.

"Ya nani, Shangazi?"

"Ya nyumba ya Hina." Sauti ilikuwa imebadilika. "Hina alikuwa dada wa baba yangu. Hao ni watoto wake. Mbele yao mimi ndiye nakaa chini. Mimi sigusi hata kijiko chao."

"Umeigusa vanila yao Jumanne, saa nne na dakika kumi na tisa."

Manusiu aliweka kiganja mdomoni. Nje jogoo aliwika ovyo na hakuna aliyemfukuza.

"Kwa nini Pisila hakuniambia?" aliuliza hatimaye. "Nimemsikia Mchungaji anasema yuko polisi. Nikadhani ametoa ushahidi. Nikadhani anaandika andika, yeye ni katibu."

"Amefungwa, Shangazi. Saa nane anasomewa shtaka la wizi. Mwanao amenipigia asubuhi hii akisema nimfungulie shtaka upesi."

"Pisila amesemaje?"

"Hajasema neno tangu jana. Hata umri wake hakutaja."

Lesieli alimwona Manusiu anaelewa. Aliona hasa dakika ile, na hakuona raha yoyote. Mwanamke alikuwa akihesabu mwenyewe kila kitu alichowahi kubeba kutoka nyumba ya Maka na kukuta kwamba binti yule alikuwa bado na kitu kimoja cha kuchukuliwa, uhuru wake, na amekitoa bila kuombwa.

"Nipe mkeka mkubwa," alisema Manusiu. "Ule wa kujifunga kwenye mazishi, wa kujishusha. Uko nyuma ya mlango."

Gari lilifika kituoni saa nane kasoro dakika kumi. Penisimani alikuwa mlangoni na karani wa mahakama akiwa ameshika faili. Alipomwona Manusiu ameshuka na mkeka wa msiba umemzunguka kuanzia kifuani hadi magotini, alivua kofia bila kujua amevua.

Ndani, Pisila alimwona shangazi yake akaruka kutoka kwenye kiti ili akae sakafuni, kama inavyompasa.

"Kaa kwenye kiti," alisema Manusiu.

Binti akabaki katikati, hajui aende wapi.

"Nimesema kaa."

Pisila alikaa. Ndipo Manusiu, akishika ukingo wa meza, akajishusha kwa shida, goti moja, kisha la pili, mpaka akakaa chini kwenye sakafu ya saruji, kichwa ameinamisha mbele ya magoti ya mtoto wa kaka yake. Karani alitoka nje. Penisimani aligeuka akatazama kalenda ya mwaka juzi iliyokuwa ukutani. Kwa miaka yake yote ya kazi Lesieli aliwahi kuona maiti, na hakuwahi kutaka kugeuza uso kama sasa.

Simu yake ikalia. Auckland.

"Inspekta," alisema Uaine, "vipi, hakimu ameshakaa?"

Lesieli alifungua spika ya simu, akaiweka sakafuni.

"Uaine," alisema Manusiu.

"Mama? Mama, uko wapi?"

"Polisi. Nimekaa chini, miguuni kwa Pisila."

Kutoka Auckland ilisikika honi ya gari, mbali, barabarani.

"Mama, inuka."

"Rudisha nilichochukua."

"Mama, huelewi, kuna mnunuzi anasubiri, nilitaka nikujengee..."

"Sikukuuliza ulitaka nini. Umenituma kwenye nyumba ya Hina. Umenifanya mwizi wa shangazi yangu, na mtoto wa Maka anakwenda jela kwa ajili yako na mimi."

"Kuna watu hapo?"

"Yupo Penisimani, anaona. Mke wake atajua jioni, kwa hiyo kesho kijiji kizima kitajua. Sitainuka, Uaine. Jumapili wakitoka kanisani watapita hapa dirishani, watanikuta."

Simu haikukatika. Lesieli aliitazama saa: saa nane kasoro dakika nne. Tatu. Daftari lisilofutika halikumjua aliyeiba na halingemlazimisha kurudisha. Kama kijana yule angezima simu sasa, asingekuwepo mtu duniani wa kumfuata, na wote chumbani walilijua hilo.

Kisha, kutoka Auckland, vidole vikasikika juu ya vibonyezo.

Kompyuta ya chama ililia mezani, mlio mdogo wa kengele. 1 kati ya 41. Ikalia tena. Penisimani aligeuka kutoka kwenye kalenda. Kengele zilifuatana, zikasita kwenye kumi na tisa mpaka Lesieli akakunja ngumi, zikaendelea, thelathini, arobaini, na ya mwisho ikalia karani akiwa ameshika kitasa kuja kusema hakimu anaita.

"Mwambie hakimu hakuna shtaka," alisema Penisimani. "La huku. La Auckland nitaliandika mwenyewe."

Pisila alifungua mdomo. Midomo ilikuwa imekauka, na sauti ilitoka imekwaruza, ya kwanza tangu jana.

"Shangazi, inuka."

Manusiu alijaribu, magoti yakakataa. Alinyoosha mkono juu, wazi, na mwanamke ambaye miaka yote alichukua, akakuta hana budi kuomba.

"Naomba mkono wako, mwanangu."